Nyimbo za Bila Ala na Vijana wa Shule

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Kitandililo)



Nashukuru kupewa nafasi hii, ingawa kila mtu hapa anajua kwamba msemaji anayesimama baada ya wali na nyama anapambana na adui mkubwa, yaani usingizi. Ndugu Katibu aliniandikia nizungumze juu ya muziki na vijana. Hiyo ni mada ya wiki nzima. Nimeipunguza hadi ienee katika nusu saa: nitazungumza juu ya makundi madogo ya waimbaji wanne au watano, wasio na gitaa wala ngoma wala kinanda, ambao chombo chao ni koo tu. Nimechagua hivyo kwa sababu maalum. Kesho asubuhi tutapiga kura juu ya pendekezo la kununua kinanda cha umeme na vipaza sauti kwa ajili ya kwaya ya shule. Sikuja kulipinga pendekezo hilo. Ninayo nyongeza, nayo nitaisema mwishoni, lakini haitaeleweka mpaka nisimulie habari za wimbo mmoja uliosafiri kuliko mtu yeyote aliyemo humu ndani.

Tuanze mbali, Marekani. Baada ya vita ya pili ya dunia, katika miji ya New York, Philadelphia, Baltimore na Chicago, vijana weusi walikuwa na tabia ya kukusanyika jioni chini ya taa za barabarani, kwenye ngazi za majengo na katika vituo vya treni za chini ya ardhi, wakaimba. Ala zilikuwa ghali. Sauti ilikuwa bure. Ngazi na vituo vile vilipendwa kwa kuwa kuta zake zilirudisha mwangwi, na mwangwi humfanya mwimbaji wa wastani ajisikie bingwa. (Sisi tulioimba bwenini na bafuni tunalijua hilo bila kufundishwa.) Mmoja aliongoza kwa maneno ya wimbo. Wawili au watatu walimshika kwa nyuma kwa sauti za kupatana, na wa besi alitembea chini kabisa, akifanya kazi ya gitaa la besi ambalo hawakuwa nalo. Wale wa nyuma hawakuimba maneno hasa, bali walitoa milio ya mdomo mahali ambapo bendi ingepiga tarumbeta au ngoma. Ni kutokana na milio hiyo kwamba mtindo huo baadaye uliitwa duwopu. Kundi la The Orioles la Baltimore lilitoa santuri iliyopendwa sana mwaka 1948, na kwa miaka kama kumi na mitano iliyofuata makundi ya namna hiyo yalizaliwa kila mtaa.

Kwa wale mnaosoma solfa, siri yake haina uchawi. Nyimbo nyingi za duwopu zinakwenda juu ya ngazi nne zinazozunguka: do, la, fa, so, kisha do tena. Mwanakwaya yeyote wa hapa anaweza kujifunza mzunguko huo kwa alasiri moja. Ndiyo maana vijana wasio na mwalimu wa muziki waliuweza.

Sasa nataka vijana mwangalie jambo moja. Makundi haya yalizaliwa wapi? Kwa sehemu kubwa, shuleni. Kundi la Frankie Lymon na The Teenagers lilikuwa la watoto wa shule moja ya New York. Mwaka 1956, Lymon akiwa na umri wa miaka 13, wimbo wao "Why Do Fools Fall in Love" ulienea Marekani na Uingereza. Frankie Lymon alikufa mwaka 1968, na umri wake ulikuwa miaka 25. Lakini habari ya wimbo wenyewe ilikuwa bado. Wawili kati ya wenzake, Herman Santiago na Jimmy Merchant, walikuwa wakisema kwamba wao ndio walioutunga, na kwamba majina yao yaliachwa katika hati. Walikwenda mahakamani wakiwa watu wazima. Mwaka 1992 baraza la mahakama liliwakubali. Mwaka 1996 mahakama ya rufani ilitengua ushindi huo kwa kuwa walikuwa wamechelewa: sheria iliwataka wadai ndani ya miaka mitatu. Fikirini, ndugu zangu. Vijana watano wanaimba pamoja, kila mmoja anajua nani alileta maneno na nani alileta sauti, na baada ya miaka arobaini jambo hilo linaamuliwa na watu ambao hawakuwapo, nalo linaamuliwa kwa kalenda.

Shule nyingine ni Abraham Lincoln ya Brooklyn, huko huko New York. Mwaka 1955 wanafunzi wake walianzisha kundi lililoitwa The Linc-Tones, yaani walijipa kipande cha jina la shule yao. Mmoja wao, Neil Sedaka, alitoka baadaye akawa mwimbaji maarufu peke yake. Waliobaki, pamoja na wengine walioongezeka, waliitwa The Tokens. Mwaka 1961 walirekodi wimbo kuhusu simba aliyelala, "The Lion Sleeps Tonight", nao ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Nina hakika hakuna mtu katika ukumbi huu asiyeujua. Mmewasikia watoto wenu wakiuimba kutoka katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994.

Wimbo huo haukutungwa Brooklyn. Ulitungwa na mfanyakazi wa mikono kutoka Afrika, na hapa ndipo hotuba yangu inapoanza kweli.

Solomon Linda alizaliwa mwaka 1909 huko Natal, Afrika ya Kusini, katika sehemu za Wazulu. Kama vijana wengi wa kule alikwenda Johannesburg kutafuta kazi. Alikuwa na kundi lililoitwa The Evening Birds, na kundi hilo lilikuwa la ridhaa tupu: watu wa kazi za hoteli na viwanda, wanaimba usiku na siku za mapumziko. Walivaa suti za mistari na viatu vilivyong'aa, jambo lililowashangaza watu wakati ule. Linda mwenyewe aliimba sauti ya juu kabisa, ile ya kike, na chini yake aliweka besi watatu badala ya mmoja. Alipata kazi katika ghala la kampuni ya santuri ya Gallo, akifunga mizigo. Mwaka 1939 kampuni hiyo hiyo iliwaingiza studio, wakaimba "Mbube", maana yake simba. Mzunguko wake ni rahisi kuliko hata ule wa duwopu: do, fa, do, so. Juu ya mzunguko huo Linda alirusha sauti yake bila kupanga, na katika mara moja ya kuirusha, karibu na mwisho, ndipo ilipotoka tuni ambayo dunia nzima inaijua. Yaani kipande kile kinachoimbwa leo na kila mtoto kilitungwa papo hapo, mashine ikiwa inazunguka.

Santuri ile iliuzwa sana, kiasi cha nakala laki moja katika miaka ya 1940. Jina la wimbo likawa jina la mtindo mzima, mbube. Katika mabweni ya wafanyakazi kulikuwa na mashindano ya usiku wa Jumamosi yaliyokwenda mpaka alfajiri, na inasimuliwa kwamba ili kuepuka upendeleo walimchukua hakimu asiyemjua mtu yeyote, pengine mzungu aliyeokotwa barabarani usiku ule ule. Zawadi inaweza kuwa mbuzi. Nadhani utaratibu wa hakimu wa namna hiyo ungefaa hata katika mashindano ya kwaya za hapa kwetu, lakini hilo niliache, kwa maana naona wenye kwaya wameanza kunitazama. Kutokana na mabweni hayo hayo ulikua uimbaji laini wa kunyatia uitwao isicathamiya, ambao Joseph Shabalala na Ladysmith Black Mambazo waliupeleka duniani, hasa baada ya kuimba katika sahani ya Paul Simon, "Graceland", mwaka 1986.

Niseme pia kwamba njia haikuwa ya upande mmoja. Vijana wa Johannesburg walisikiliza santuri za Wamarekani weusi, mathalan The Mills Brothers walioiga tarumbeta kwa midomo. Kundi la The Manhattan Brothers, ambalo Miriam Makeba aliimba nalo katika miaka ya 1950 kabla hajaondoka kwao, lilianzishwa na wavulana waliosoma shule moja huko Pimville. Shule tena.

Turudi kwa Linda. Santuri ya "Mbube" ilifika New York mikononi mwa Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo, naye akampa mwimbaji Pete Seeger. Seeger aliusikiliza na kuuandika, lakini neno la Kizulu alilisikia vibaya, ndiyo maana kundi lake The Weavers liliutoa kwa jina la "Wimoweh", mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika hati wakaandika jina la mtungaji ambaye hakuwapo, Paul Campbell, jina la kubuni. Hawa hawakuwa watu wabaya. Seeger alimtumia Linda dola 1,000. Walichukulia tu kwamba wimbo kutoka Afrika ni wa mapokeo, wa kabila, usio na mwenyewe. Baadaye mtunzi George David Weiss na wenzake wawili wakauwekea maneno ya Kiingereza, The Tokens wakauimba, na fedha zikaanza kumiminika kwa watu wengine.

Na Linda? Inaelezwa kwamba alitia sahihi haki zake zote kwa malipo ya shilingi 10. Hakujua kusoma alichokitilia sahihi. Mwaka 1959 alianguka jukwaani, na mwaka 1962 akafa kwa ugonjwa wa figo, mwaka mmoja tu baada ya wimbo wake kuwa wa kwanza Marekani. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan alichapisha habari hiyo yote, na mwaka 2004 binti zake walifungua kesi. Kilichowaokoa ni sheria ya zamani ya Waingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika dola yao: kwamba baada ya miaka 25 tangu mtungaji kufa, haki zinarudi kwa warithi. Wahesabu wetu hapa watasema, 1962 na 25 ni 1987. Filamu ni ya 1994. Mwezi wa Februari mwaka 2006 walipatana nje ya mahakama. Linda akatambuliwa kuwa mtunzi, na familia ikaanza kupata mrabaha, yaani sehemu ya mapato kila wimbo unapotumika.

Mtaniuliza, Ndugu Mwenyekiti, haya yote yanaihusu nini Kitandililo? Yanaihusu sana.

Kwanza, maisha ya Linda ndiyo maisha ya babu zetu. Wakati wa Mwingereza, wilaya ya Njombe ilikuwa ghala la vibarua. Wanaume waliondoka kwenda mikonge ya Tanga na Morogoro, na wengi wa nyanda hizi za juu kusini waliandikishwa na Wenela kwenda migodi ya dhahabu ya Johannesburg, mpaka serikali yetu ilipokomesha uandikishaji huo baada ya Uhuru. Walilala katika mabweni, mbali na wake zao, na jioni waliimba. Kabla reli ya TAZARA haijaifanya Makambako kuwa mji, barabara hii ilikuwa ya watu wanaokwenda na wanaorudi, na waliorudi hawakurudi na blanketi na baiskeli tu.

Pili, huku kwetu kuimba kwa sauti nyingi si jambo geni. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walipofika Ubena mwishoni mwa karne ya 19, na kujenga Kidugala na kwingineko, walileta kitabu cha nyimbo chenye sauti nne. Watu hudhani kwamba kabla ya hapo waimbaji wote walikwenda njia moja. Si kweli. Majirani zetu Wagogo wana uimbaji wa sauti nyingi ambao wataalamu wa muziki wametoka Ulaya kuja kuusoma, nao haukutoka katika kitabu chochote. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Tanganyika mwaka 1950 akarekodi Wahehe na Wagogo pamoja na makabila mengine. Sahani zake zipo mpaka leo katika maktaba ya muziki huko Grahamstown, ambao siku hizi unaitwa Makhanda, Afrika ya Kusini. Mtu wa Iringa anayetaka kusikia babu zake walivyoimba mwaka 1950 anaweza kusikia. Hilo linanifurahisha na kuniumiza kwa pamoja, kwa maana amelazimika kulihifadhi mtu wa mbali.

Tatu, makundi ya namna hii hayajafa Afrika ya Mashariki. Mfano wa karibu zaidi na shule ni Sauti Sol wa Nairobi. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walisoma shule ya Upper Hill, na huko waliimba katika kundi la nyimbo za dini la bila ala, Voices in the Light. Walipomaliza shule hawakutawanyika. Mwaka 2005 walianza kundi lao, bado wakiimba kwa midomo, ndipo akaongezeka mpiga gitaa Polycarp Otieno. Mwaka 2014 walipata tuzo ya MTV ya Ulaya kama wasanii bora wa Afrika, na mwaka 2023 wakaagana na mashabiki wao kwa matamasha ya mwisho wakiwa pamoja. Sikilizeni nyimbo zao kwa makini: hata gitaa na ngoma zinapojaa, sauti zile za shule zinasikika zimepangwa chini yake.

Lakini kinachonivutia zaidi kwao ni jambo la mwaka 2022. Muungano mmoja wa vyama ulitumia wimbo wao katika mambo ya uchaguzi wa Kenya bila ruhusa. Siku hiyo hiyo Sauti Sol walitoa tamko la kukataa na kutaja haki zao kisheria. Hawakungoja miaka arobaini. Waliweza kusema hivyo kwa kuwa majina yao yaliandikwa katika hati tangu mwanzo. Linganisheni na wimbo wa "Malaika", ambao kila hoteli ya pwani inaupiga. Ulijulikana kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya, na Mtanzania Adam Salim alidai kwamba aliutunga mwaka 1945. Watu wanabishana mpaka leo, nao wote wawili wamekwisha kufa.

Basi nije kwenye nyongeza yangu.

Leo mchana vijana walituimbia wimbo wa kuwaaga wahitimu, bila ala, sauti nne. Besi yao ilinitetemesha kiti. Niliuliza nani ameutunga. Mwanafunzi mmoja alisema umetungwa na darasa lililopita. Mwalimu mmoja alisema ni wa zamani. Mwenzangu wa darasa, tuliyekaa naye meza moja, alisema ubeti wa pili ni wa kwetu, na tuni ya kiitikio aliileta kijana mmoja kutoka likizo, aliyeisikia kwa bibi yake akipalilia. Nadhani wote watatu wanasema kweli. Wimbo ule ni nyumba iliyojengwa na watu wengi. Lakini mtu wa nje akiuchukua kesho, akautia kinanda na kuutangaza, ataandika nini mahali pa jina la mtungaji? Ataandika jina lake, au ataandika kwamba ni wimbo wa mapokeo. Hayo mawili ndiyo yaliyompata Solomon Linda.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 haimtaki mtungaji alipe chochote ndipo awe na haki. Wimbo ukishatungwa, haki ni yake, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuuandikisha COSOTA kunasaidia kuthibitisha. Tatizo letu ni ushahidi: nani, lini, na kipande gani.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza kwamba katika fedha za kinanda tutenge kiasi kidogo kwa vitu viwili. Kimoja ni daftari kubwa lenye jalada gumu, likae maktaba, lisitoke. Humo iandikwe kila wimbo unaotungwa shuleni hapa: maneno yake, solfa yake, tarehe, majina ya walioutunga na kila mmoja alileta nini, na kama tuni imetoka kwa bibi fulani wa kijiji fulani, bibi huyo aandikwe kwa jina lake. Watungaji watie sahihi wakiwa bado marafiki. Kingine ni kinasa sauti. Simu za waliomo humu zinatosha kwa kuanzia, lakini simu hupotea pamoja na vilivyomo.

Na kinanda kinunuliwe. Ila naomba kwaya iendelee na siku moja katika wiki ya kuimba bila hicho kinanda, kwa maana mtu wa besi akishazoea kusaidiwa na mashine huacha kusikiliza wenzake, na umeme wetu mnaujua.

Daftari lenyewe tunaweza kulianza usiku huu. Walioutia mkono wimbo ule wa kuaga, wa miaka yote, nawaomba wabaki baada ya chai pamoja na vijana wa kwaya. Tutauimba polepole, ubeti kwa ubeti, na kila anayesikia kipande chake ainue mkono. Ndugu Katibu amekwisha kunong'ona kwamba ana kalamu. Mwenzangu yule wa darasa naye asitoroke, maana ndiye aliyekuwa sauti ya pili, na mimi nimebaki na besi.